Mwonja Maji wa Vumbwe

Mwonja chumvi siye aliyeita bahari. Maneno hayo niliyasema jana mkutanoni, tena kwa sauti, nanyi wajukuu zangu mkageuka kunitazama kana kwamba nimetukana. Yule binti wa zahanati alikuwa amesimama peke yake mbele ya watu. Alikuwa ametuambia kwamba maji ya tangi jipya ndiyo yanayowaumiza watoto matumbo. Badala ya mtu mmoja kwenda kulifungua tangi akachungulia, wakaanza kumuuliza yeye ni mwenyeji wa wapi na nani amemtuma. Nilikasirika, na bado nimekasirika, kwa hiyo msitarajie nisimulie kwa upole. Mmeuliza methali hiyo imetoka wapi. Kaeni niwaeleze, kama nilivyoelezwa na shangazi yangu, ambaye naye hakuweza kuisimulia bila kusukuma sahani pembeni.

Zamani, kabla Mzungu wa kwanza hajaonekana katika bahari hii, palikuwa na kijiji kiitwacho Vumbwe. Kilikuwa kaskazini ya mbali, pwani ile ambako jangwa linateremka mpaka linaingia majini. Hapakuwa na mnazi wala muhogo. Upande mmoja bahari, upande wa pili mchanga, na katikati nyumba arobaini zilizojengwa kwa mbavu za nyangumi na kufunikwa ngozi. Mvua ilikuwa jambo la kusimuliwa. Watu walizeeka wakiwa wameiona mara tatu au nne, na kila mara walikumbuka nani alizaliwa siku hiyo na nani alikufa.

Msiwaonee huruma. Walikula vizuri kuliko ninyi mnavyodhani. Walikuwa na kasa, chaza, kome na samaki wa kila aina, na walikausha papa kwa chumvi mpaka wakawa na akiba ya kubadilishana na wafugaji wa bara. Wafugaji walileta maziwa, siagi, ngozi na vibuyu, wakaondoka na ng'onda, samaki hao wakavu. Na nyangumi akikwama ufukweni, kijiji kizima kilishiba miezi miwili.

Shida yao ilikuwa maji. Nyuma ya kijiji, kwenye bonde kati ya vilima viwili vya mchanga, palikuwa na kisima kimoja. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye hadithi. Chini ya mchanga ule maji matamu yalikuwa yamelala juu ya maji ya bahari, tena matamu yalikuwa membamba, kama utando juu ya maziwa. Ukichota taratibu, utando unajirudisha. Ukichimba kwenda chini ukitaka mengi, unautoboa, na bahari inapanda. Watu wa Vumbwe hawakusema kwamba kisima kimeharibika. Walisema, "Bahari imeitwa, nayo imeitika." Na bahari ikishaitika, hairudi upesi.

Kwa hiyo waliweka desturi mbili. Ya kwanza ilikuwa mfupa. Ubavu wa nyangumi ulisimikwa ndani ya kisima, ukiwa na alama ya kukatwa, na hapana mtu aliyeruhusiwa kuondoa mchanga kupita alama ile. Ya pili ilikuwa mwonja. Mtu mmoja, na ni mmoja tu, ndiye aliyeshuka kisimani. Kila asubuhi alishuka, akatazama mfupa, akaondoa mchanga uliomwagika kwa upepo, akaonja maji. Akisema ni matamu, watu walishusha mifuko yao ya ngozi kwa kamba wakachota kutoka juu, nyumba baada ya nyumba. Akisema ana ladha ya chumvi ulimini, kisima kilifukiwa kwa mchanga safi na kuachwa siku arobaini. Katika siku hizo watu walihamia Kisima cha Mbali, mwendo wa nusu siku kuelekea bara. Maji ya huko yalitosha watu tu, hayakutosha mifugo. Mbuzi mmoja mmoja waliokuwapo walipelekwa kwa wafugaji.

Mwonja wa wakati huo alikuwa mwanamke aitwaye Mwamvua. Alipewa jina hilo kwa sababu alizaliwa siku ya mvua. Alikuwa mjane, mrefu, mkimya, mwenye magoti yaliyochakaa kwa kushuka na kupanda. Kazi ile alikuwa ameifanya miaka thelathini.

Na kazi hiyo ilikuwa na gharama ambayo hakuna aliyeifikiria. Mwonja hakuruhusiwa kula chumvi. Fikirini, kijiji cha wavuvi, ambako kila kitu kinaliwa na chumvi, ambako hata mtoto anayeota meno hupewa kipande cha ng'onda atafune! Yeye alikula samaki wa kuchemshwa, mweupe, asiye na kitu. Harusini alikula hivyo. Matangani alikula hivyo. Papa wa chumvi alipokuwa akikaangwa na kunukia kijiji kizima, yeye alikaa upande wa upepo asiisikie harufu. Alifanya hivyo ili ulimi wake ubaki mkali, alitambue lile chozi la kwanza la bahari kabla halijamfikia mtoto wa mtu. Miaka thelathini! Mimi mkininyima chumvi siku mbili nahama nyumba.

Mkuu wa kijiji alikuwa Mwenye Shongo. Kazi yake kubwa ilikuwa kugawa nyangumi. Mnyama akikwama, Shongo ndiye aliyeshika kisu, ndiye aliyesema nyumba hii ichukue mgongo na nyumba ile ichukue mkia. Kwa hiyo kila mtu alikuwa amekula kutoka mkononi mwake, na kila mtu alitarajia kula tena. Mnajua mtu kama huyo anavyosikilizwa. Akikohoa, watu wanauliza kama apewe maji.

Mwaka huo ulikuwa wa tatu wa kiangazi kikali. Hata ukungu wa asubuhi ulikuja mwembamba. Ndipo Shongo akafanya jambo ambalo halijafanywa na mtu yeyote wa Vumbwe. Wafugaji walikuwa wakiuza mbuzi wao kwa bei ya kutupa kwa sababu majani yamekwisha, naye akatoa akiba yake yote ya papa mkavu na mafuta ya nyangumi, akachukua mbuzi themanini. Mtu wa pwani, kwenye mchanga mtupu, na mbuzi themanini! Watu walikwenda kuwatazama kama maonyesho. Shongo alitembea katikati yao akiwapapasa migongo, na alikuwa na furaha ya kweli, sitasema uongo. Lakini mbuzi hanywi furaha. Kisima cha kupimwa kwa mfuko wa ngozi, nyumba arobaini, na sasa vinywa themanini zaidi.

Asubuhi moja Mwamvua alifika kisimani akakuta maji yamejaa. Hayakuwa yale ya kawaida, ya kufika kifundo cha mguu. Yalifika kifuani. Waliofuatana naye kuchota waliona kutoka juu jinsi yanavyong'aa, wakapiga vigelegele. Wengine walisema mvua imenyesha bara na maji yamesafiri chini kwa chini. Mwamvua alishuka. Akapapasa kwa mguu, akakuta mfupa wa mpaka haujasimama. Umelala. Na pale ulipokuwa umesimama palikuwa na shimo jipya, refu kupita kimo chake. Akachota kwa kombe la chaza, akaonja, akakaa nayo mdomoni muda mrefu. Kisha akapanda juu akasema bahari imeitwa, nayo imeitika, na mfupa umeng'olewa. Kisima kifukiwe leo.

Nyamazeni kidogo mfikirie. Watu wana kiu ya miaka mitatu. Mbele yao pana maji mengi kuliko waliyowahi kuyaona. Na mwanamke mmoja anawaambia wayafukie.

Wakamwita Shongo. Alikuja bila haraka, akashusha mfuko, akanywa mbele ya wote, akapangusa ndevu. Akasema yeye haonji chumvi yoyote. Akasema Mwamvua ni mama yetu, lakini ulimi nao ni nyama, unazeeka kama goti. Watu wakacheka. Kisha wengine wakaonja, na kweli siku ile ya kwanza maji yalikuwa bado yamechanganyika, na ndimi zao zilikuwa zimelewa chumvi tangu utotoni, kwa hiyo hawakuonja kitu. Au walionja kidogo wakaamua hawakuonja. Katika hao alikuwamo msichana aitwaye Mbeyu, aliyekuwa na mtoto wa miezi minne mgongoni. Yeye alionja. Alijua. Alijaza kiriba chake akaenda nyumbani.

Mbuzi wakanywa siku ile mpaka matumbo yakavimba.

Siku ya sita haikuwezekana tena kudanganyana. Maji yalikuwa yanauma koo. Watoto walikuwa wanakunywa na kulilia maji papo hapo. Mbuzi walinusa vyombo wakageuza vichwa, na mbuzi hana sababu ya kumpendeza mkuu. Sasa mngetarajia mtu aseme, basi Mwamvua alikuwa na haki. Mngetarajia hivyo kwa sababu bado ni wadogo.

Shongo aliita mkutano pale kisimani. Hakusema tena kwamba maji ni matamu. Alisema kuna mtu ameyaharibu. Akauliza, kwa utaratibu mzuri kabisa, kila mmoja ajibu moyoni mwake: ni nani katika Vumbwe hushuka kisimani? Ni mmoja tu. Nani aliyejua habari ya chumvi kabla ya mtu mwingine yeyote? Ni huyo huyo. Nani alidharauliwa siku ile, akachekwa mbele ya watu, akawa na sababu ya kulipiza?

Naam. Desturi waliyoiweka ili kulinda kisima ndiyo aliyoigeuza kamba ya kumfungia mlinzi wake. Kwa kuwa yeye peke yake aliruhusiwa kuingia, basi yeye peke yake angeweza kuharibu. Na watu wazima, wenye akili zao, wanaojua kusoma bahari na nyota, wakatikisa vichwa kukubali.

Watu watatu wakatumwa kupekua nyumba ya Mwamvua watafute chumvi. Walirudi mikono mitupu. Walipekua vibuyu, walikung'uta ngozi za kulalia, waliramba hata chungu. Katika kijiji kizima, nyumba arobaini, hiyo ilikuwa nyumba pekee isiyokuwa na chumvi hata punje. Mmoja wao alisema hivyo mbele ya mkutano, tena alisema kwa aibu kidogo.

"Haina hata punje?" Shongo akauliza.

"Haina, Mwenye."

"Basi mmeona wenyewe. Ameimaliza yote humu kisimani."

Na wakakubali! Shangazi yangu akifika hapa alikuwa akitazama ukuta. Nami nimezeeka, nimesikia mengi, lakini jibu lile bado linanichoma. Chumvi ingepatikana, ingekuwa ushahidi. Haikupatikana, nayo ikawa ushahidi. Mtu akishaamuliwa kuwa mwovu, hata usafi wake unahesabiwa kuwa hila.

Mwamvua alisimama. Hakulia wala hakuapa.

"Miaka thelathini," akasema, "chumvi niliyoionja ni ile niliyoitafuta kwa ajili yenu. Siwaombi mniamini. Shukeni. Mfupa umelala, na pembeni yake pana shimo. Yeyote kati yenu ashuke autazame kwa macho yake."

Hapana aliyesogea. Kushuka ilikuwa mwiko.

"Mnaogopa mwiko," akasema, "na aliyeng'oa mfupa hakuuogopa. Basi sikilizeni. Mwonja chumvi siye aliyeita bahari."

Mbeyu alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwake, na shangazi alisema msichana huyo aliangalia miguu yake mwenyewe mpaka mkutano ukaisha.

Adhabu ya kuharibu kisima ilikuwa inajulikana. Mkosaji hupewa kiriba kimoja cha maji, anaonyeshwa jangwa, na mlango wa nyumba yake unazibwa kwa mchanga. Wakamjazia Mwamvua kiriba. Na mnajua walikijaza wapi? Humo humo kisimani. Maji ambayo mbuzi wamekataa ndiyo waliyompa mwanamke mzee avukie jangwa. Alikifungua, akaonja mara moja kwa mazoea yake, akayamwaga yote mchangani mbele yao. Akatundika kiriba kitupu begani, akaondoka kuelekea bara. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kumsindikiza.

Shongo aliwaahidi watu kwamba mwovu akishaondoka maji yatatulia. Wakangoja. Siku ya kwanza wakasema leo yana nafuu. Siku ya pili wakasema hivyo hivyo, lakini kwa sauti ya chini. Siku ya tatu mbuzi wakaanza kufa, na siku ya nne maziwa ya Mbeyu yakakauka. Mtoto alinyonya, akaacha, akamtazama mama yake usoni. Hakulia sana, maana hata kulia kunataka maji.

Asubuhi hiyo Mbeyu alimkabidhi mama mkwe wake mtoto, akaenda moja kwa moja kisimani, akavua ngozi aliyojifunga, akashuka. Wanawake waliokuwa wakichota wakapiga kelele. Yeye akaendelea kushuka. Alipapasa chini ya maji akakuta mfupa umelala, kama alivyoambiwa. Akakuta shimo. Na ndani ya shimo mguu wake ukagonga kitu kigumu. Akazama akakitoa. Kilikuwa kipande cha gamba la kasa kilichochongwa kwa ajili ya kuchimbia, na kwenye mpini wake palikuwa na mikato mitatu iliyochomwa kwa moto. Kila nyumba ya Vumbwe ilikuwa na alama yake. Mikato mitatu ilikuwa alama ya nyumba ya Shongo.

Alipanda juu akalitupa gamba lile mchangani, watu walione. Mtu mmoja akasema huenda nalo limetupwa mle na Mwamvua. Mbeyu, ambaye hakuwahi kupaza sauti mbele ya wakubwa, akamjibu, "Shuka basi ulitazame shimo, kaka yangu. Mimi nimeshuka, nami sijafa."

Akashuka. Kisha akashuka mwingine. Mwiko wa miaka mingi ulivunjika asubuhi moja. Walishuka mmoja mmoja, wakapapasa mfupa, wakapima shimo kwa miili yao, wakapanda juu. Wana wawili wa Shongo walipoulizwa hawakukana. Walisema walichimba alfajiri katika ukungu, siku ile ile maji yalipojaa, kabla mtu hajaamka, na mchanga wakaumwaga juu ya kilima ambako upepo huutawanya. Walisema baba aliwaambia ni mkono mmoja tu zaidi, kwa ajili ya mbuzi, na kwamba mbuzi wakizaliana ni faida ya kijiji kizima.

Mnangoja niwaambie kwamba Shongo alipewa kiriba akaonyeshwa jangwa. Hakupewa. Alisema vijana walizidisha. Alisema alikusudia mema. Wazee wakasema jambo limekwisha tokea, na mtu mkubwa haaibishwi mbele ya watoto. Mbuzi waliobaki wakachinjwa, wakaliwa, na mwenyewe Shongo ndiye aliyegawa nyama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wala sitaipamba. Mwanamke asiye na kosa alifukuzwa kwa nusu siku ya maneno, na mwanamume mwenye kosa akabaki ameshika kisu cha kugawia.

Wakafukia kisima, wakabeba watoto na viriba, wakashika njia ya Kisima cha Mbali. Njiani kila mtu alikuwa akitazama pembeni, akiogopa kuona mwili mchangani. Hawakuuona. Walipofika walimkuta Mwamvua amekaa kando ya kisima kile. Midomo yake ilikuwa imepasuka na kucha zimeng'oka, kwa sababu alikikuta kisima kimejaa mchanga, akauondoa kwa mikono. Maji yalikuwa yametulia chini, kidogo, safi.

Alimwona Mbeyu na mtoto wake kwanza. Alichota kwa kombe, akaonja, akampa Mbeyu, naye akanywa, akamdondoshea mtoto matone kwa kidole.

Kisha Shongo akasogea mbele na wazee wake. Walikuwa wamekuja na zawadi ya kuomba radhi, maana hawakuwa washenzi, walikuwa na adabu zao. Wakaitandaza mbele yake kwenye ngozi safi. Ilikuwa nusu ya papa, mnono, aliyekaushwa vizuri, chumvi inameta juu yake.

Chumvi, wajukuu zangu. Walimletea chumvi. Miaka thelathini wamekula naye harusi na matanga, na hapana mmoja aliyekumbuka kwamba mwanamke huyu hali chumvi kwa ajili yao.

Shongo akasema, "Mama, tumekosa. Rudi nyumbani. Mlango tumeuzibua. Kijiji hakina ulimi bila wewe."

Mwamvua akanyoosha mkono, akabana kipande kinono cha papa, akakitia mdomoni.

Mbeyu ndiye aliyeshtuka. "Mama, usile. Ulimi wako utakufa."

Akatafuna polepole. Machozi yakamtoka, na shangazi alisema hakuna ajuaye kama ni ukali wa chumvi au ni kitu kingine. Akameza.

"Ni tamu," akasema. "Mmekuwa mkila kitu kitamu namna hii siku zote?"

Akakata kipande cha pili.

"Sitaonja tena kwa ajili ya mtu. Mlipokuwa na ulimi mmoja, mlitaka kuukata uliposema msichopenda kusikia. Sasa kila mtu ana wake. Shukeni wenyewe, utazameni mfupa wenyewe, onjeni wenyewe. Na siku mtakayoonja bahari, msiulize nani ameionja kwanza. Ulizeni nani aliiita."

Akala papa yule akashiba. Alirudi Vumbwe nao, akaishi miaka mingine mingi, akawa anakula papa wa kukaanga katikati ya wenzake, na wanasema alinenepa. Lakini hakushuka kisimani tena. Tangu siku hiyo Vumbwe haikuwa na mwonja. Siku arobaini zilipokwisha, walikizibua kisima, wakausimika mfupa upya, na kila aliyekuja kuchota, mkubwa kwa mdogo, alishuka kwanza akaugusa, akaonja. Hata wana wa Shongo walishuka. Na nyangumi aliyefuata alipokwama, inasemekana watu walikuja ufukweni kila mmoja na kisu chake.

Basi ndiyo hiyo. Sasa nanyi mnajua kwa nini jana nilisema nilichosema, na kwa nini sijutii. Yule binti wa zahanati hakulijenga tangi. Hakulijaza. Alichofanya ni kuangalia maji akatuambia alichokiona, na sisi tukamuuliza kwao wapi. Kesho asubuhi chukueni ile ngazi ya babu yenu iliyo nyuma ya banda. Mkaiegemeze kwenye tangi, mpande, mfungue kifuniko, mtazame kwa macho yenu wenyewe. Mkiulizwa nani kawatuma, semeni ni bibi. Na wakiendelea kumnyooshea kidole yule binti, wajibuni mbele ya watu, msiangalie miguu yenu: mwonja chumvi siye aliyeita bahari.